Datsun nyekundu imeota ukungu mweupe: wajuzi wa eabrashi njooni hapa

MsasaLaini (Tanga)

Wakuu, salaam. Naunga vigari vya plastiki tangu mwaka jana, na siku zote nilikuwa natumia rangi za makopo ya kupuliza. Mwezi uliopita nikajitosa. Nikanunua eabrashi, ile kalamu ya kupulizia rangi kwa hewa, ya nozeli ya milimita 0.3, ile ya kikombe juu, pamoja na kompresa ndogo yenye tangi la lita 3. Mke wangu aliuliza bei, nikajibu "imepungua".

Kigari chenyewe ni Datsun 240Z ya kampuni ya Hasegawa, skeli ya 1/24, ile iliyoshinda mbio za magari za East African Safari mwaka 1971 chini ya Edgar Herrmann na Hans Schüller. Mwili mwekundu, boneti nyeusi, namba 11 mlangoni. Marehemu mjomba alikuwa na picha yake ukutani, ameikata gazetini, imefifia kwa jua. Ndiyo maana hii sitaki kuilipua.

Hali ilivyo mpaka sasa:

Jaribio la kwanza, rangi ilitoka ikitema mate. Madoa madoa mwili mzima. Nikafuta.

Jaribio la pili nikaongeza thina. Ikawa maji. Ikachuruzika kutoka kwenye paa mpaka mlangoni, machozi matatu. Nikafuta tena.

Jaribio la tatu mambo yakanyooka. Rangi ikalala, ikang'aa, nikapiga picha. Nikaenda kuswali magharibi. Kurudi, gari lote lina ukungu mweupe, kama kioo ulichokipumulia, ila huu haufutiki. Na karibu na taa za nyuma plastiki imepasuka vistari vidogo vidogo kama tope lililokauka.

Rangi ni laka, ile inayochanganywa na thina kali. Thina nilichota kwenye duka la vifaa vya ujenzi, wanapima kwa chupa ya soda. Presha 35 psi. Mkono wangu ni mbovu kiasi hiki, au kuna kitu sikijui? Nisaidieni kabla sijaitupa dirishani.

---

NjooNikwambie (Mwanza)

Mtu mzima na kigari cha sentimita kumi na saba. Haya, nakaa hapa nijifunze.

---

Kikombe Juu (Dar es Salaam)

Mleta uzi, usitupe kitu. Mimi ni fundi rangi wa magari ya kweli, miaka kumi na tisa sasa, na hivi vigari nilivianza kwa sababu ya mwanangu. Yeye ameshaacha, mimi nimebaki navyo.

Mkono wako hauna shida. Jaribio la tatu umesema lililala likang'aa, sasa mkono mbovu hauwezi hivyo. Una matatizo mawili tofauti na umeyaona kwa pamoja, ndiyo maana yamekuchanganya.

Ukungu mweupe ni maji. Thina ya bei rahisi inaruka upesi mno. Ikiruka inaondoka na joto, kama spiriti inavyokupoza ngozi kabla ya sindano. Uso wa rangi unapoa ghafla, na kama hewa imejaa unyevu, maji yanatua juu ya rangi ambayo bado mbichi na kunaswa humo ndani. Gereji tukiona hivyo tunasema rangi imeoza. Wewe uko Tanga, tena masika, tena magharibi, bila shaka mvua ikiwa imetoka kunyesha. Hata mimi na kibanda changu siku kama hiyo sipigi laka.

Vile vistari karibu na taa ni jambo lingine kabisa. Thina ya selulosi ya dukani ina vimumunyisho vikali, na plastiki ya vigari hivi ni polistirini. Kwenye bati haina neno. Kwenye polistirini iliyo wazi, inaila. Ulipiga praima, ile rangi ya msingi, kweli?

---

MsasaLaini (Tanga)

Praima nilipiga, fundi. Ila nilisugua kwa msasa pale nyuma kuondoa mshono wa plastiki, na sikurudishia praima. Kumbe!

Na mvua, ndiyo, ilikuwa imetoka kunyesha. Sikufikiria kabisa kama mvua ya nje inamhusu mtu aliye chumbani.

---

Kikombe Juu (Dar es Salaam)

Hapo pamepasuka sasa unapajua. Puti nyepesi, msasa namba 1000 kwa maji, praima juu. Kanuni yangu ni moja: palipoonekana plastiki, parudie praima kabla rangi haijakaribia.

Halafu hiyo thina ya chupa ya soda itunze kwa kuoshea eabrashi. Kwa kazi hiyo hakuna iliyo bora. Kuchanganyia rangi tumia thina iliyotengenezwa kwa rangi za modeli. Ipo ya Mr. Color inayoitwa Leveling Thinner, ndani yake wameshatia kichelewesha, yaani dawa ya kuifanya rangi ikawie kukauka. Rangi ikikawia, inapata muda wa kujilaza, na maji hayanaswi kirahisi. Ni ghali, ndiyo. Chupa moja itakumalizia magari kadhaa.

---

Ngong Kavu (Nairobi)

Mnanichekesha watu wa pwani. Huku kwetu ukungu huo tunausikia tu. Shida yetu ni kinyume: rangi inakauka hewani kabla haijafika kwenye gari, inatua kama vumbi, ukipitisha kidole ni msasa mtupu. Januari, saa nane mchana, huwezi kupata mng'ao hata ukiomba.

Mleta uzi, presha 35 ni ya kupulizia vumbi kwenye kibodi. Shusha mpaka 18 hivi, mimi hukaa kati ya 15 na 20 kwa mwili wa gari. Na uisome geji huku umebonyeza kitufe, hewa ikitoka. Ukiisoma ukiwa umeachia itakudanganya, maana hewa ikianza kutoka, presha inashuka.

Na rangi uliichanganya kwa kipimo gani?

---

MsasaLaini (Tanga)

Kwa macho, kaka. Mara ya kwanza robo ya thina, mara ya pili nikamimina tu.

---

Ngong Kavu (Nairobi)

Macho yatakuja baadaye. Kwa sasa tumia bomba la sindano la duka la dawa, toa ile sindano yenyewe. Rangi moja kwa thina moja ndipo pa kuanzia. Rangi ya kung'aa, mikono ya mwisho, yaani matabaka ya mwisho, mimi hufika moja kwa moja na nusu, hata mbili. Watu husema iwe kama maziwa. Sawa, lakini maziwa yapi? Ya pakiti, yasiyo na utando. Pakaza tone kwenye ukuta wa kikombe: likiteremka na kuacha utando mwembamba unaoonyesha ukuta, liko sawa. Likiganda kama mtindi, bado. Likikimbia bila kuacha kitu, umezidisha.

---

Bi Keki wa Darajani (Zanzibar)

Samahanini kaka zangu, naingia bila kubisha hodi. Mimi sina gari hata moja. Napamba keki, na eabrashi naitumia kila Alhamisi na Ijumaa kwa keki za harusi. Nimesoma uzi wote na hakuna aliyemuuliza huyu kaka swali ninalowauliza wasichana wangu siku ya kwanza: kidole chako kinafanya nini?

Eabrashi ya namna yako ina mienendo miwili kwenye kitufe kimoja. Kubonyeza chini ni hewa, kuvuta nyuma ni rangi. Mwanafunzi akiwa na wasiwasi hufanya vyote kwa mpigo, tena akiwa tayari ameelekeza kwenye keki. Ile rangi ya mwanzo inatoka kwa kishindo, doa. Akimaliza anaachia vyote kwa mpigo, rangi inabaki kwenye ncha inakauka, na akianza tena inatema mate. Nadhani hayo ndiyo mate yako ya jaribio la kwanza, kaka wa Tanga, ingawa rangi nzito nayo ilichangia.

Anza hewa peke yake, ukiwa nje ya kitu unachopaka. Vuta rangi polepole. Pita mpaka utoke upande wa pili. Rudisha kidole mbele, rangi ikatike, hewa iendelee kidogo isafishe ncha. Ndipo uachie. Kidole cha juu kisiondoke kwenye hewa mpaka kazi iishe.

Wasichana wangu nawapa karatasi za daftari wiki nzima kabla ya keki. Doa dogo kila kwenye makutano ya mistari. Kisha mstari kutoka doa hadi doa. Wananuna. Mwisho wa wiki wananishukuru.

---

Kikombe Juu (Dar es Salaam)

Dada yangu, shikamoo kwa heshima ya kazi. Nimefundisha vijana saba gereji na sijawahi kulieleza hili vizuri hivyo.

---

Bi Keki wa Darajani (Zanzibar)

Marahaba, ingawa kwa miaka 19 ya kazi huenda ni mimi wa kukuamkia.

---

NjooNikwambie (Mwanza)

Uzi umekuwa mtamu. Sasa swali la kweli: lazima aharibu gari la bei ili ajifunze? Hakuna kitu cha bure cha kujaribia?

---

Ngong Kavu (Nairobi)

Vijiko vya plastiki, ndugu. Vile vyeupe vya sherehe. Mgongo wa kijiko umepinda kama paa la gari, na tumbo lake ni kama upinde wa tairi. Kila kosa utaliona hapo. Ila chagua vile vinavyokatika kwa sauti ukivikunja, hivyo kwa kawaida ndivyo vya polistirini, sawa na gari lako. Vile vinavyokunjika bila kukatika ni plastiki nyingine, rangi haivishiki vizuri, na vitakufundisha uongo.

Piga praima kijiko, piga rangi, andika nyuma kwa kalamu: kipimo, presha, umbali, saa ngapi. Mimi nina debe la vijiko kama muuza supu.

---

Mkaazi wa Matrah (Maskati)

Assalaam alaykum jamaa. Huku kiangazi ni zaidi ya nyuzi 40, halafu unyevu wa bahari juu yake. Mimi hupulizia ndani ya chumba chenye eyakondisheni, naiwasha saa nzima kabla. Hupoza chumba na kukamua maji hewani. Yale yanayodondoka kwenye bomba la nje, basi ndiyo maji yaliyokuwa yaingie kwenye rangi yako. Naizima dakika ninapoanza kupuliza isinipeperushie vumbi, na nafungua feni ya kutoa hewa.

Lakini ndugu wa Tanga, umesahau maji mengine. Yale ya ndani ya kompresa. Hewa ikibanwa inapata joto, ikipoa kwenye tangi na mpirani maji yanajitenga. Chini ya tangi pana skrubu au vali ndogo. Uliwahi kuifungua?

---

MsasaLaini (Tanga)

Ndiyo nimetoka kuifungua sasa hivi baada ya kusoma. Yametoka maji ya kutu nusu kikombe cha kahawa. Nusu kikombe! Kompresa ina mwezi mmoja!

---

Mkaazi wa Matrah (Maskati)

Basi. Kila ukimaliza kazi, mwaga. Na kile kichujio cha kioo chini ya geji, kikionekana kina matone, kibonyeze chini kimwage. Tone moja likipanda mpirani likatokea kwenye boneti, utaona kishimo cha duara kwenye rangi, kama jicho la samaki.

---

Fundi Friji Mstaafu (Morogoro)

Kwa wasio na uwezo wa kununua kompresa, mota ya friji bovu inafaa sana. Haina kelele hata kidogo, utapulizia usiku watoto wamelala. Niliwaundia vijana wawili hapa. Ila sharti tangi liwe na vali ya usalama na swichi ya kukata presha ikijaa, wala usitumie mtungi wowote uliookota. Na mota hizo zinatema mafuta kidogo kwenye hewa, kwa hiyo kichujio kiwe kizuri, la sivyo rangi itakataa kushika.

---

Kikombe Juu (Dar es Salaam)

Mzee, ukiona mtu amekuja na mtungi wa zamani wa gesi umkataze kwa nguvu zote. Nimeona mmoja ukipasuka mshono. Hakuumia mtu, lakini mlango wa gereji ulibadilishwa.

---

Tausi wa Bomani (Mombasa)

Jamani, kwani lazima laka? Mimi natumia rangi za akriliki za kampuni ya Tamiya, chupa zile za X na XF, na thina yao X-20A. Nyekundu yao X-7 tamu sana. Harufu ni kidogo, hazili plastiki, ukiharibu unaosha kwa spiriti ya duka la dawa. Naishi ghorofani na mama mkwe. Laka ningepigwa marufuku siku ya kwanza.

---

Kikombe Juu (Dar es Salaam)

Tausi, za kung'aa za chupa hizo zinachukua siku ngapi kukauka Mombasa? Sema kweli.

---

Tausi wa Bomani (Mombasa)

Siku tatu, nne. Sawa, wiki. Niliwahi kushika baada ya siku mbili, alama ya kidole changu ipo mpaka leo kwenye mlango wa Mini. Lakini haina ukungu!

---

Kikombe Juu (Dar es Salaam)

Ndiyo hapo tunapoachana. Kwa mwili wa gari, laka inakauka, inakuwa ngumu, unaisugua, unaipiga polishi. Akriliki ya kung'aa inabaki laini, ukisugua inavutika kama ubani. Lakini kwa mtu anayeishi na mama mkwe nakubali, heri akriliki kuliko kesi.

Kuna jambo moja sitanii nalo. Laka si hewa ya kuvuta. Vaa barakoa yenye vichujio viwili vya mvuke, vile vyenye mkaa ndani. Barakoa ya kitambaa ya wakati wa korona haizuii mvuke. Na asidanganywe mtu kutumia klia ya gari, ile ya kung'arisha isiyo na rangi, ya kuchanganya na hadina, yaani dawa ya kuigandisha, kwa sababu "inang'aa kama kioo". Kweli inang'aa, lakini hadina ina kemikali iitwayo isosianeti, na hiyo ikishakuingia mapafuni inaweza kukuachia pumu ya maisha. Kuna mwenzangu gereji hawezi tena kusimama karibu na kibanda cha rangi. Hata harufu hajaisikia, anaanza tu kubanwa kifua.

Na feni ya kutolea hewa isiwe ile ya mezani ya kawaida ukaisimamisha katikati ya mvuke. Mota au swichi yake inaweza kutoa cheche.

---

MsasaLaini (Tanga)

Wakuu, nimefuta kila kitu. Mwili umelala kwenye spiriti ya isopropili usiku mzima ndani ya kopo la aiskrimu, asubuhi rangi imebanduka kama ngozi ya kitunguu, zilizobaki kwenye mistari ya milango nimeziondoa kwa mswaki. Nimerekebisha pale nyuma kwa puti. Nimeosha kwa sabuni ya vyombo na sasa naishika kwa glovu.

Nimeagiza thina aliyosema fundi, na laka ya Tamiya LP-21, nyekundu ya Kiitalia. Najua nyekundu halisi ya gari lile si hii hasa, lakini kwa picha ya mjomba nani atanibishia.

Wakati nasubiri mzigo nimejaza daftari la mwanangu madoa ya Bi Keki. Kurasa 14. Mwalimu wake ameuliza.

Swali: chini ya nyekundu niweke praima ya kijivu au nyeupe?

---

Ngong Kavu (Nairobi)

Nyeupe! Au ya waridi ukiipata. Nyekundu nyingi zinapitisha mwanga, kilicho chini kinaonekana. Juu ya kijivu itakuwa damu ya mzee, na utaongeza mikono ukitafuta wekundu mpaka mistari ya milango izibe. Juu ya nyeupe mikono minne myembamba inatosha. Ila nyeupe ina kisirani chake: inaonyesha palipokosa rangi, hasa kwenye kingo. Anza na kingo, mifereji ya milango na chini ya bampa, kisha ndipo ufanye paneli kubwa.

Na kwa kuwa umemtaja mjomba na picha: kwenye mashindano hayohayo ya 1971, wa pili alikuwa Shekhar Mehta, naye kwenye 240Z. Mzaliwa wa Kampala. Mwaka 1973 akashinda yeye, kisha akashinda tena mara nne mfululizo kuanzia 1979 hadi 1982. Ukimaliza ya Herrmann unayo sababu ya kununua nyingine.

---

NjooNikwambie (Mwanza)

Mke wake asisome uzi huu.

---

Kikombe Juu (Dar es Salaam)

Utaratibu wa kupiga, nakuandikia kama ninavyowaambia vijana.

Mkono wa kwanza ni ukungu tu, umbali wa sentimita kumi hivi. Utaona praima bado inachungulia, iache ichungulie. Huo ni wa kuwapa wenzake pa kushika. Dakika kumi. Mkono wa pili hivyohivyo, ukizidisha kidogo. Dakika kumi tena. Wa tatu ndio wa maji: sogea mpaka sentimita saba, ongeza thina kidogo, punguza mwendo. Usiangalie eabrashi. Weka taa upande wa pili wa gari na uangalie mwanga wake juu ya rangi. Mstari wa rangi ukitua na kung'aa papo hapo kama umelowa, mwendo wako ni sahihi. Ukitua na chembechembe, uko mbali au unakimbia, na hapo ndipo ganda la chungwa, yaani uso wa vinundunundu, linapozaliwa. Ukiona mng'ao unaanza kutetemeka, toka! Sekunde inayofuata ni machozi.

Kila mstari uukalie nusu mstari uliotangulia. Na usirudi kurekebisha. Vumbi likitua, liache. Unyoya ukitua, uache, utasuguliwa kesho. Gari nyingi nimeona zikiharibika kwa kidole cha "ngoja nitoe hiki tu".

Ukimaliza funika kwa beseni safi, ndani yake umepangusa kwa kitambaa kibichi.

---

MsasaLaini (Tanga)

MREJESHO (siku 23 baadaye)

Wakuu nimerudi. Samahanini kwa ukimya, mzigo ulikwama, halafu mvua haikukatika siku tisa. Nilinunua kipimo cha unyevu chenye umbo la saa ya ukutani, kikaniambia asilimia 88. Nikasubiri. Kuna siku nilikaa na eabrashi mkononi nikiangalia dirisha kama mvuvi aliyezuiwa na kusi.

Jumamosi ya wiki iliyopita jua lilitoka, saa nne asubuhi kipimo kikashuka mpaka 61. Nikaanza. Presha 18. Rangi moja kwa thina moja, mkono wa maji moja kwa moja na nusu. Vijiko sita kwanza, vitatu vibaya, vitatu vizuri. Kisha gari.

Ule mkono wa tatu, fundi, kifua kilinidunda. Niliangalia taa kama ulivyosema. Kweli, unaona mwanga wa taa unapita juu ya rangi kama unapita juu ya maji, na nyuma ya eabrashi rangi inajifunga yenyewe. Sikuwahi kuona kitu kile kwa kopo la kupuliza. Nilipomaliza paa nilisahau kupumua, na barakoa ile inakukumbusha haraka.

Hakuna ukungu. Kuna ganda la chungwa kidogo kwenye ubavu wa kushoto nilipoishiwa rangi kikombeni nikaongeza bila kuikoroga vizuri, na kuna unyoya mmoja juu ya tairi la nyuma. Sikuugusa.

Nikaacha siku tano, nikanusa. Bado harufu. Nikaongeza mbili, harufu ikaisha, ndipo nikaziba kwa tepu kwa ajili ya boneti.

Sasa hapo. Tepu ya Tamiya niliyokuwa nayo ilikuwa vipande, nikaona upande mmoja nimalizie na tepu ya karatasi ya dukani. Nilipobandua, upande wa Tamiya mstari umekatika kama wembe. Upande wa dukani nyeusi imepenya chini, meno meno ya milimita moja, na gundi imebaki.

---

Tausi wa Bomani (Mombasa)

Tepu ya dukani! Baada ya yote haya! Hongera lakini kaka, kweli hongera, picha ya paa nimeivuta mara tatu naona dirisha lako ndani yake.

Gundi itoe kwa mafuta kidogo ya kupikia kwenye kitambaa laini, kisha sabuni. Siku nyingine, ukishaziba, bana ukingo wa tepu kwa kijiti cha meno, halafu pitisha nyekundu ileile mkono mmoja mwembamba kwenye ukingo kabla ya nyeusi. Ikipenya, inapenya nyekundu juu ya nyekundu. Nyeusi haitakuwa na pa kuingilia.

---

Kikombe Juu (Dar es Salaam)

Hayo meno yanafutika. Nyeusi uliyotumia ni ipi?

---

MsasaLaini (Tanga)

XF-1 ya akriliki, isiyong'aa. Boneti ile huwa haing'ai ili jua lisimpige dereva machoni.

---

Kikombe Juu (Dar es Salaam)

Vizuri sana, bahati yako. Akriliki juu ya laka iliyokauka. Chonga kijiti cha meno kiwe bapa, kichovye kwenye X-20A, kikaushe kwenye tishu mpaka kibaki na unyevu tu, kisha sukuma nyeusi irudi kwao taratibu. Nyekundu haitaguswa ukienda kwa subira. Usifanye kwa spiriti kali wala thina ya laka.

Ule unyoya, msasa namba 2000 kwa maji na tone la sabuni, kidogo tu, mbali na kingo. Kwenye kingo rangi ni nyembamba, utaona nyeupe kabla hujasema bismillah. Kisha stika za maji, na ukiweka klia juu ya stika, mikono miwili ya kwanza iwe ya ukungu mkavu. Klia ya laka ikimwagwa mbichi juu ya stika inazikunja.

---

MsasaLaini (Tanga)

Nimefanya ya kijiti. Imetoka isipokuwa kona moja karibu na kioo, hapo nimeacha, nisije nikaharibu.

Mke wangu ameiona mezani akasema "hii ndiyo ile ya mjomba". Hakuuliza bei.

---

Bi Keki wa Darajani (Zanzibar)

Maashallah. Sasa niambie kaka, baada ya ile nyeusi, sindano ya ndani ya eabrashi uliitoa ukaiosha?

---

MsasaLaini (Tanga)

…

---

Bi Keki wa Darajani (Zanzibar)

Nenda. Itoe kwa nyuma, usiivutie mbele. Na nozeli hiyo ifungue kwa vidole, ukitumia spana ule uzi wake mdogo wa skrubu utakatika.

---

MsasaLaini (Tanga)

Naenda dada. Imeganda.